Karo Lisilojaa

Kwetu Mtambile udongo una kinyongo.
Masika hunywa, huvimba, hujikweza,
kiangazi husinyaa, na ukuta wa baba
hupasuka palepale, juu ya dirisha la uani,
ufa uleule alioupaka chokaa mwaka niliozaliwa.
Kinamo. Jembe likizama halitoki bila matusi.
Shimo la choo hujaa mvua kabla halijajaa sisi,
tukavuka uani juu ya mbao, ndala mkononi.
Lakini ndizi zake! Mkungu mmoja, wapagazi wawili.

Kisha nikaolewa Micheweni, juu ya mawe.

Hapa nyumba haidai msingi mrefu.
Unafagia, unavuta uzi, unapanga tofali;
jiwe limekaa likikungoja tangu bahari ilipoliacha.
Lakini shimo!
Fundi Shaame Faki alikuja na mtaimbo na sururu mbili,
sururu moja ikavunjika siku ya kwanza.
Siku kumi na moja, ngo, ngo, ngo,
hata mtoto wa jirani akawa halali bila mlio ule.
Ya kumi na mbili, mtaimbo ukamponyoka
ukaenda zake. Hatukuusikia ukitua.
Shaame akalala kifudifudi, akatia sikio penye tundu,
akacheka: "Mize, umebarikiwa. Pango!
Karo hili halijai mpaka kiama."
Mume wangu Khatib akachinja kuku.
Majirani wakaja kulitazama kama mwali.

Mie sikulala.
Kwetu unachokimwaga hubaki, hunuka, hukushitaki.
Kinachomezwa kimya, huenda wapi?
Hatua arubaini kuteremka, upande wa pwani,
Bi Raya Makame huteka maji ya kunywa.

Nilikuwa nasuka mkeka wa harusi ya mdogo wangu,
rangi ya ukindu, zambarau, imo sufuriani bado ya moto.
Alfajiri, kabla hatujalitumia lile karo,
nikaibeba sufuria nzima, nikaimimina tunduni,
na ndoo sita za maji juu yake.
Sikumwambia mtu.

Siku ya tatu Bi Raya alisimama mlangoni na ndoo.
Hakupiga hodi.
"Hebu nambie, mwanangu, kisima changu kimeota nini?"
Maji yalikuwa na wekundu wa mbali,
kama kucha za mtu aliyekula zambarau jana.

Khatib aliuza mbuzi wawili.
Shaame akarudi, safari hii bila kicheko,
akaziba tundu kwa zege, akajenga sanduku la tofali,
sakafu chini, plasta mara mbili, akaidai mara moja.
Sasa karo letu hujaa kama makaro ya watu.
Kila mwaka gari la kunyonya hutoka Wete,
na Khatib hunung'unika kwa kila shilingi.
Namwacha.
Manung'uniko hayapenyi kwenye mawe.

Kifusi nacho sikukitupa. Nimekipanga ukuta
unaonifika kiunoni, mbuzi wasiingie,
kisha nikampigia baba simu: niletee udongo.
"Udongo huu?" akasema. "Huu ulionivunjia nyumba?"
Akapakia magunia tisa juu ya lori la mtu.
Nimeuchanganya na mchanga na samadi,
nikautia kwenye vijungu vya mawe, kiganja kwa kiganja,
kila kijungu mche wake: bilingani, mchicha,
mpapai mmoja usiosikia la mtu.
Kiangazi kinamo hukumbuka tabia yake:
hupasuka humohumo ndani ya kijungu, ufa kama uzi.
Nautilia maji. Namwona baba na ndoo yake ya chokaa.

Mkeka ulikwisha na ukili mmoja mweupe,
rangi haikutosha, nilisema, na si uongo.
Siku ya harusi Bi Raya aliukalia
palepale penye weupe.
Akaupapasa kwa kiganja, akanitazama,
akaomba maji ya kunywa.